Kimbunga kikitupita tunasema tumelindwa. Kikimpiga jirani tunasemaje?

Chumvi ya Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Tangu jana usiku simu yangu haipumui. Kila grupu la WhatsApp ni shangwe: kimbunga Hidaya kimefika Mafia kikaishiwa nguvu, Bwana amekikemea, hii nchi ni ya Mungu. Mimi mwenyewe nimejibu amina mara kadhaa, sitaki unafiki. Huku kusini tulikaa ndani siku mbili tukisikiliza bati.

Ila kuna bandiko moja limeninyima usingizi. Jamaa kaandika kwamba vimbunga vinatukwepa kwa sababu sisi ni watu wa maombi, akamalizia: "waulizeni Msumbiji 2019." Nimelisoma mara mbili. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa kinywa hiki, nikiwa nimeshika kipaza sauti. Ndiyo maana naanzisha uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mwaka 2019 Pasaka iliangukia tarehe 21 Aprili. Wiki hiyohiyo TMA, wale wa hali ya hewa, wakatangaza kwamba kuna kimbunga kinaitwa Kenneth, kimezaliwa baharini, kinapita kaskazini ya Ngazidja kule Komoro na kinaelekea pwani yetu, Mtwara na Lindi wajihadhari. Waliokuwa Mtwara wanakumbuka. Alhamisi tarehe 25 mji ulikuwa kama umefiwa. Shule zimefungwa, wanaokaa karibu na maji wameambiwa wapande juu, watu wanapita na magodoro kichwani. Usiku wa kuamkia siku hiyo kanisani kwetu tulikesha. Tulisoma Zaburi ya 91 mpaka watoto wakaijua kwa moyo. Alfajiri mzee mmoja alisimama mlangoni akanyoosha mkono upande wa bahari: "Geuka! Hapa hupiti!" Na sisi nyuma yake: hupitiii!

Mchana ukaja upepo, ikaja mvua, matawi mawili matatu ya mwembe yakaanguka. Basi. Jioni redio ikasema kimbunga kimeingia nchi kavu Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kati ya Macomia na Mocímboa da Praia, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wakuu, tulipiga vigelegele. Taarifa ile ilikuwa inasema nyumba za watu zinaanguka, sisi tunapiga vigelegele.

Jumapili nikapewa nafasi ya ushuhuda. Nikasema Mungu amekishika kimbunga akakihamisha. Ingeishia hapo, ningesamehewa. Nikaendelea. Nikasema wenzetu wa ng'ambo wajichunguze, maana Machi wamepigwa na Idai kule Beira, hazijapita wiki sita kimekuja kingine. Mungu akigonga mara mbili kuna jambo. Nikataja na uganga. Kanisa likaitikia.

Kwenye kwaya yetu kulikuwa na mama wa sauti ya pili, Mmakonde wa ng'ambo, alivuka mto Ruvuma pale Kilambo akaolewa huku. Mama yake na kaka zake wako Macomia. Simu zilikuwa hazishiki tangu Alhamisi. Ibada ilipokwisha alinisubiri nje, chini ya mkorosho, hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniuliza: "Kaka, mlipokikemea, mlikituma kiende wapi?"

Sikuwa na jibu. Leo ni miaka mitano. Nawauliza ninyi.

siti_ya_mbele

Nimekaa. Ngoja waje wenye vifungu.

Mtumishi wa Zamu

Ndugu mwanzisha uzi, nakuelewa, ila tusije tukamwaga mtoto na maji ya kuogea. Zaburi 91 imeandikwa na haijafutwa: "Ijapo watu elfu waanguka ubavuni pako, naam, kumi elfu mkono wako wa kuume! Hata hivyo hautakukaribia wewe." Na mstari unaofuata: "Ila kwa macho yako utatazama, na kuyaona malipo ya wasio haki." Mungu huhukumu mataifa. Sodoma ilikuwepo. Gharika ilikuwepo. Mkiondoa hukumu mnabaki na mungu wa kadi za Krismasi. Watu waliomba, Mungu akawalinda, kosa liko wapi?

Chumvi ya Mikindani

Mchungaji (nahisi ni mchungaji, nisamehe kama nimekosea), hukumu siiondoi. Naamini Mungu huhukumu, na nikisoma habari za Sodoma mwili unanisisimka. Shida yangu ni nani amenipa faili la Macomia nilisome. Mstari wa 8 unasema malipo ya wasio haki. Mtoto wa miezi minne aliyeangukiwa na ukuta ni nani kati ya wasio haki?

Bwana Yesu aliulizwa swali hilihili. Luka 13, wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu sivyo. Halafu akawageuzia kibao waulizaji, watubu wao. Hakusema hukumu hakuna. Alikataa tu waliosimama wamsomee aliyeanguka mashtaka.

Kingine kuhusu Zaburi 91. Hebu fungua Mathayo 4 uone ni nani aliyeinukuu pale juu ya kinara cha hekalu. Jitupe chini, malaika watakuchukua. Nilipogundua hilo nilikaa kimya siku nzima. Zaburi ni ya kweli, lakini kuna namna ya kuishika ambayo aliyetufundisha si Roho Mtakatifu.

Mtemi wa Mawingu

Nyie endeleeni na vifungu, mimi nilete kitu kikavu kidogo.

Kimbunga Kenneth hakikugeuka. Kilikuwa kinasukumwa kwenda magharibi, makadirio yalikuwa yanaonyesha kaskazini mwa Msumbiji, na Mtwara ilikuwa ukingoni. TMA walitahadharisha kwa sababu ukingo nao huua, na walifanya sawasawa. Kwa hiyo yule mzee mlangoni alikemea kitu ambacho tayari kilikuwa na safari yake.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Upande wetu wa dunia, kusini ya ikweta, vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kimbunga kikija pwani kutoka mashariki, walio kusini ya kitovu hupigwa na upepo unaotoka baharini, unasukuma na maji juu ya nchi. Walio kaskazini hupata upepo unaotoka bara kwenda baharini, maji yanarudishwa. Mtwara ilikuwa kaskazini ya kitovu. Kisiwa cha Ibo, huko Msumbiji, kilikuwa kusini, ndiyo maana kilivurugika vile. Kipimo cha dhambi hapo hakipo, ni mzunguko tu.

Na karibu na ikweta vimbunga hukosa nguvu ya kuvizungusha, ndiyo maana Mombasa na Tanga hamvioni. Msiseme Tanga wanasali kuliko Beira.

Mtumishi wa Zamu

Na nani aliyeweka mzunguko huo?

Mtemi wa Mawingu

Hahaha, mchungaji, hapo nakuachia. Ila aliyeuweka aliweka mmoja kwa Mtwara na Ibo.

Karafuu Mbichi

Salaam alaykum jamani. Mie wa visiwani, nichangie kidogo. Sisi tulipigwa tarehe 15 Aprili 1872. Tufani ile iliing'oa mikarafuu ya Unguja, majahazi yakazama bandarini, na merikebu za Seyyid Barghash zikaenda na maji, naye hata miaka miwili ya ufalme hajaitimiza. Pemba ikasalimika. Na tokea hapo karafuu ikawa Pemba mpaka leo.

Sasa n'ambieni, Unguja na Pemba dini moja, swala moja, Mungu mmoja. Kama kusalimika ni cheti cha ucha Mungu, basi Wapemba wangetuchinja kwa maneno miaka 150 hii! (Wengine wanajaribu, wallahi.)

dada_wa_Newala

Kaka Chumvi, shikamoo. Nimesoma uzi wote nikiwa jikoni, ugali umeungua.

Naomba twende kwenye ule usiku ambao kila mhubiri wa ulinzi huutaja, Kutoka 12. Tunaupenda kwa sababu ya damu kwenye miimo. Lakini someni polepole muone yaliyomo. Kwanza, Mungu hakusema nitakapoiona tabia yenu. Alisema nitakapoiona ile damu. Waliomo ndani walikuwa walewale ambao mwezi haukuisha tangu wavuke bahari wakaanza kulalamikia masufuria ya nyama ya Misri. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na waoga, waongo, na labda mwizi wa kondoo. Walisalimika kwa sababu ya mlango.

Pili, waliambiwa asitoke mtu mpaka asubuhi. Mimi hapo ndipo huwa nasimama. Nje kuna kilio, Biblia inasema haikuwako nyumba isiyokuwa na maiti. Ukuta wa Mmisri na wa Mwebrania haukuwa mbali, kama mnakumbuka waliazimana vyombo vya fedha na dhahabu. Kwa hiyo walikisikia kilio cha jirani usiku kucha. Kutoka 12 haina wimbo. Wimbo unakuja sura ya 15, baada ya bahari. Usiku wenyewe watu wanakula wamefungwa viuno, viatu miguuni, haraka, kama wasafiri.

Nimesoma kwamba Wayahudi wakiadhimisha Pasaka mpaka leo, wakifika kwenye mapigo 10, hupunguza divai kwenye kikombe tone moja kwa kila pigo. Wengi huieleza kwamba furaha yao haiwezi kujaa wakati wengine waliangamia. Waliotoka utumwani kabisa, waliopigwa mijeledi na haohao Wamisri! Sisi watu wa Macomia walitukosea nini? Walitupa wakunga na wachongaji.

siti_ya_mbele

Dada, ugali uungue tu, endelea.

Bishaneni

Mnazunguka mno. Aidha Mungu analinda au halindi. Kama analinda wengine na kuacha wengine, ana upendeleo. Kama halindi, mnakesha bure. Chagueni moja niende kulala.

Chumvi ya Mikindani

Mkuu, usilale bado. Mimi pia nilitaka kuchagua moja, nikashindwa.

Wale vijana watatu wa Danieli 3 walisimama mbele ya tanuru wakasema Mungu wetu aweza kutuokoa. Wakaongeza: "Bali kama si hivyo." Ukiyatoa maneno hayo matatu manne, imani yao inakuwa kamari. Hawakujua mwisho wa siku itakuwaje, na walikuwa wanamtegemea tayari. Mimi usiku ule wa mkesha sikuwa na "bali kama si hivyo". Nilikuwa na dili. Nimekesha, nimefunga, nimetoa, basi bati langu libaki.

Na Habakuki, ambaye alijua kabisa kwamba hukumu inakuja na kwamba haitamruka, aliomba hivi: "Katika ghadhabu kumbuka rehema." Hakuomba ihamie Edomu.

Niwaambie na kilichotokea kwa yule mama, maana niliacha katikati. Jumapili ile, wakati mimi natoa ushuhuda, mvua kubwa ilikuwa inanyesha Pemba ya Msumbiji, mtaa wa Natite nyumba zinabomoka, ndege za misaada haziwezi kuruka. Hayo niliyajua baadaye. Yeye alikuwa anapiga simu kila saa. Siku ya tisa ikashika. Mama yake mzima. Nyumba hakuna, minazi imelala, mikorosho iliyopandwa na marehemu baba yao imeng'oka na mizizi. Wamejihifadhi darasani. Mama wa watu akaongea Kimakonde kwa sauti ya juu kama wazee wanavyoongea na simu, sisi tuliokuwa karibu tukasikia wenyewe: "Nnungu katulinda, mwanangu. Nnungu katulinda."

Maneno yangu yaleyale. Mimi niliyasema nikiwa na bati. Yeye kayasema akiwa hana.

Tangu siku hiyo sijui tena kulifafanua neno ulinzi kama nilivyokuwa nalifafanua. Najua tu kwamba yule bibi alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho.

Bishaneni

Hapo umenishika pabaya. Nalala baadaye.

Mtumishi wa Zamu

Ndugu Chumvi, mimi ni mchungaji kweli, hukukosea. Na jana nimehubiri karibu kama ulivyoshuhudia 2019, tofauti ni jina la kimbunga. Bado nasema tusiache kuomba ulinzi, Abrahamu aliomba mpaka akashusha kutoka 50 hadi 10. Lakini nimekumbuka wakati naandika hapa kwamba Abrahamu alikuwa anawaombea watu wa Sodoma. Wale wenyewe waovu. Na kesho yake asubuhi alisimama akatazama moshi unapanda kama wa tanuru, na Biblia haisemi alisema neno lolote. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, ila pale asubuhi nilikuwa napita tu.

dada_wa_Newala

Mchungaji, Mungu akubariki. Na Ezekieli 9 vilevile: waliotiwa alama kwenye paji la uso wasiguswe ni wale waliokuwa wanaugua na kulia kwa ajili ya machukizo yaliyofanyika mjini. Wanaoshangilia hawakutajwa kwenye orodha.

mvuvi_wa_Kivinje

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Muislamu na niko Somanga muda huu, barabara imekatika, mabasi yamepanga foleni huku na huku, wanaotoka Dar hawapiti na wanaokwenda hawapiti. Kwa hiyo hicho kimbunga kilichoisha nguvu, maji yake tunayo hapa. Simu ina chaji kidogo nitasema mawili.

La kwanza. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akiona wingu zito au upepo alikuwa akibadilika uso, anaingia anatoka, hatulii mpaka mvua inyeshe. Alipoulizwa akasema anachelea isije ikawa kama kaumu ya Aadi, waliona wingu wakasema hili la kutunyeshea mvua, kumbe lina adhabu. Sasa huyo ndiye Mtume. Yeye hakujiona ana kinga ya kutembea kifua mbele. Ukikutana na mtu anayesema kimbunga hakiwezi kumgusa, mpe pole.

La pili ndilo jibu la yule mama wa kwaya. Madina iliponyeshewa mvua wiki nzima mpaka mali zikaharibika, mtu alisimama msikitini akamwomba Mtume amwombe Allah aizuie. Akainua mikono: Allahumma hawalayna wa la alayna. Ewe Mola, pembezoni mwetu wala si juu yetu. Halafu akasema pembezoni ni wapi: vilimani, kwenye vichuguu, matumboni mwa mabonde na inapoota miti. Hakuitupa kwa kijiji cha pili. Aliiombea mahali pasipo na watu, tena mahali inapofaa.

Kwa hiyo unaweza kukikemea ndugu yangu, ila useme na anwani.

Karafuu Mbichi

Allahu akbar. Dua hii tunaisoma kila masika wala siku moja sijaikalia kuizingatia hiyo sehemu ya mwisho.

Mtemi wa Mawingu

Mvuvi, mimi mkavu lakini hapo umenipata. Chaji ikibaki tuambie maji yameshuka kiasi gani.

mvuvi_wa_Kivinje

Hayajashuka. Akina mama wa hapa wanatuuzia chai na mihogo, na hawajapandisha bei. Hilo nalo mliandike kwenye ulinzi.

Chumvi ya Mikindani

Mvuvi, nimekusoma mara tatu. Acha nikupe kitu.

Juzi Ijumaa, Hidaya kikiwa bado baharini, tulikutana kanisani watu wachache, safari hii bila vipaza sauti. Yule mama alikuwepo. Nilimwomba radhi mwaka uleule wa 2019, akanisamehe kwa namna ya Kimakonde, yaani alininyima maneno akaniletea korosho. Hatujawahi kulizungumza tena. Ijumaa mwenye kuongoza akamwomba afunge kwa sala. Nilijikuta nimefumbua macho, nilitaka kumwangalia anavyosema. Aliomba sala fupi sana. Alisema: "Baba, kiishie huko huko kwenye maji. Na kama kuna wavuvi, wape nchi kavu kwanza. Kama lazima kifike kwa watu, fika nacho wewe mwenyewe."

mvuvi_wa_Kivinje

Amina. Chaji asilimia mbili.